Kigeuzi cha Bei Nafuu

Butiama
Jumapili, 3 Machi 2024

Mwanangu Jenipher,

Nakusalimu kutoka kwenye meza ileile uliyokuwa unafanyia hesabu huku unalia. Mimi mzima, isipokuwa goti. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume, mvua imeanza vizuri, na jirani yetu Robi bado anasema atatengeneza uzio mwezi ujao. Huo mwezi ujao wake una miaka minne sasa. Msalimie Fredi, umwambie nyavu zisimsahaulishe kanisa. Mtoto Debora mbusu kwa niaba yangu.

Najua utasema, Baba Mkubwa, si upige simu. Simu nimeipumzisha. Nimefundisha watoto kuandika barua miaka thelathini na moja, na mtu akinieleza jambo kwa simu, kesho yake nimebaki na nusu. Werema wa Hiace anapita hapa kila siku, atatubebea.

Jambo lenyewe ni hili. Ile flashi uliyonitumia yenye nyimbo za kwaya ulizozitoa kwenye kaseti, nimeiweka kwenye kompyuta aliyoniachia Mugeta, yule mwanafunzi wangu wa zamani, nikavuta waya kutoka kwenye tundu la kusikilizia hadi kwenye amplifaya yangu. Unaijua, ndiyo ile uliyokatazwa kuigusa. Spika ni zilezile mbili kubwa. Lakini sauti hainiridhishi. Ina mchanga ndani yake, na kuna mngurumo unaopanda nikichomeka chaji. Mugeta anasema ndani ya kompyuta nyimbo zinakaa kama namba tu, na kifaa cha kuzigeuza namba kuwa sauti, kwenye kompyuta za bei rahisi, ni hafifu. Anasema kuna kisanduku kidogo kinachofanya kazi hiyo kikiwa nje, mafundi wanakiita DAC. Mimi nimekiita kigeuzi. Wewe una duka la kuingizia watu nyimbo, vitu hivi unavijua. Nichagulie kimoja cha bei ya mstaafu, ila kisiwe takataka.

Haraka yangu unaijua. Jumamosi tarehe 23 Novemba, Mama yako Mkubwa atatimiza mwaka tangu atutoke. Baada ya Misa watu watakuja nyumbani, na wanakwaya wake wote wa zamani nimewaalika. Nataka wakishakaa wamsikie Dorotea. Hasa kaseti ya nne, pale katikati ya nyimbo mbili anaposimamisha kwaya na kuwasema watu wa sauti ya pili. Nyimbo kila mtu anaimba. Yale maneno ni yeye mwenyewe. Sijayaona kwenye flashi, labda sijui kutafuta.

Kopo la kaseti liendelee kukaa kwako. Usimpe Werema, vumbi litaziharibu. Nitakuja kuzichukua mwenyewe.

Ni mimi Baba yako Mkubwa,
Wenceslaus


Musoma
12 Machi 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nimecheka habari ya uzio wa Robi mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Sisi wazima. Fredi anatoka na mtumbwi giza likiingia kwa sababu mwezi umepotea na dagaa wanakubali taa. Debora ameota meno mawili ya juu na anang'ata kila kitu, pamoja na mimi. Pole na goti. Usipande ngazi ya kanisa kwa haraka.

Nimeuliza kwa wenzangu hapa Mwigobero na kule mjini kuhusu kigeuzi. Kuna vile vya kuunganisha na televisheni, vyenye waya unaopitisha mwanga badala ya umeme. Hivyo ni vya bei ndogo na ndivyo vimejaa madukani, ila kompyuta yako haina tundu lake, kwa hiyo ukiuziwa utabaki nacho mkononi. Kuna kingine kama kidole cha waya, unachomeka upande mmoja kwenye USB na upande wa pili unachomeka spika za masikioni. Ni cha bei nafuu kuliko vyote na wala si kibaya. Kilichonipendeza zaidi ni kisanduku kidogo cha chuma, kinaingia kwenye USB, na nyuma kina matundu mekundu na meupe sawa na yale ya amplifaya yako, kwa hiyo waya ni mmoja tu na hakuna kuungaunga. Wauzaji watakuambia hiki kinacheza namba kubwa za ubora kuliko kile. Usinunue namba, Baba Mkubwa. Nyimbo zetu hazifiki hata kwenye namba ndogo.

Mngurumo wa chaji jaribu hivi: chaji kompyuta ijae, kisha chomoa, cheza kwa betri. Ukipotea, ujue ni chaja.

Nakutumia hicho cha chuma kwa Werema. Ni zawadi yangu, usinirudishie chochote.

Kuhusu yale maneno ya Mama Mkubwa, nitaangalia.

Binti yako,
Jenipher


Butiama
Jumapili, 7 Aprili 2024

Mwanangu Jenipher,

Pasaka imepita salama, nilikula vya kutosha kwa mtu anayekula peke yake. Ndama nimempa jina Bishopu kwa sababu anatembea polepole na anapenda kusimama mbele ya watu.

Kigeuzi kimefika. Ni kidogo kuliko kitabu changu cha sala lakini kinafanya kazi. Mchanga umetoka. Nikicheza kwa betri, mngurumo nao umetoka. Nikaweka redio ya kwenye mtandao aliyonionyesha Mugeta, kinanda kikalia humu ndani hadi nikakaa chini. Kwa hiyo umechagua vizuri na nakushukuru.

Kisha nikaweka Dorotea. Jenipher, bado yuko mbali. Ni kama anaimba ndani ya ndoo iliyofunikwa. Na sasa, kwa kuwa mchanga umetoka, nasikia vitu ambavyo zamani sikuvisikia. Katika "Mtakatifu", pale anapopanda juu, kuna mtu anatangaza sato. Nimerudia mara sita. Anasema sato, sato wa leo. Siku ile tulirekodi kanisani, milango imefungwa, na kijiji chetu, kama ujuavyo, hakina ziwa. Je, kigeuzi chako kinauza samaki?

Nafanya utani, lakini niambie. Ni kigeuzi, ni waya, au ni masikio yangu? Kama ni masikio sema tu, sitakasirika.

Na yale maneno umeyapata?

Wenceslaus


Musoma
30 Mei 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo, na nisamehe kwa kuchelewa. Debora aliugua kifua, tukalala hospitali siku nne, sasa anapumua vizuri. Kisha nyavu za Fredi zikachanika. Kisha kazi zikazidi hapa dukani. Bishopu hajambo?

Si masikio yako. Nimefikiria sana suala la huyo wa sato. Huenda kaseti ile ilikuwa na kitu kingine kabla, mkarekodi juu yake, na sauti ya zamani ikabaki chini. Kaseti hufanya hivyo wakati mwingine zikizeeka.

Kuhusu sauti kuwa mbali, inawezekana kile kisanduku cha chuma ni kidogo mno kwa spika kubwa. Nimesikia Bunda kuna fundi anaitwa Evance, ana vigeuzi vizuri zaidi vilivyotumika, vya watu waliohama. Huuza kwa bei ya kuelewana. Ukienda na kompyuta yako atakujaribishia, na wewe utachagua kwa kusikia. Bunda si mbali ukitoka asubuhi.

Maneno ya Mama Mkubwa bado natafuta.

Jenipher


Butiama
Jumapili, 16 Juni 2024

Jenipher,

Nashukuru Mungu kwa Debora.

Bunda nimekwenda. Evance ni kijana mpole, ana masikio mazuri. Alinijaribishia vigeuzi vitatu, kutoka hiki chako hadi kimoja kizito kama tofali, akafunga macho, akasikiliza "Mtakatifu" yote hadi mwisho. Halafu akaniambia: "Mzee, mashine haidanganyagi. Hiki cha binti yako kinakutosha kabisa, baki nacho. Hili kubwa litakuonyesha tu vizuri zaidi kitu ambacho hakipo."

Alisema na mengine ya kitaalamu, hayo siyaandiki.

Aliniambia pia kwamba nikipeleka kaseti zenyewe, yeye ana kinasa kizuri na waya wake, kazi ni ya siku moja. Nikamwambia zipo, ziko kwa binti yangu Musoma, ndani ya kopo, salama. Akasema basi mzee una bahati, wengi hawanaga.

Goti linaendelea.

Wenceslaus


Butiama
Jumapili, 11 Agosti 2024

Jenipher,

Wiki ya nane hii, na Werema anasema hajapewa kitu.

Gaudensia wa kwaya amerudi kutoka msibani Kiabakari. Amesema alikuona pale, umebeba mtoto, umekaa na wapishi. Kutoka Kiabakari hadi mlangoni kwangu hata chai haipoi. Nilikuwa nyumbani siku nzima.

Kama kuna baya nililokutendea, niandikie. Kama hakuna, niandikie pia.

Wenceslaus


Musoma
8 Septemba 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Leo sitakupa habari za nyumbani kwanza, kwa sababu nikizianza nitajificha humo tena.

Kaseti hazipo.

Ulipoleta kopo mwezi wa kwanza, waya wangu wa kuunganisha redio na kompyuta ulikuwa umekufa upande mmoja. Kununua mwingine ilikuwa kuvuka barabara tu. Sikuvuka. Niliweka redio juu ya kaunta, nikaweka simu mbele yake, nikabonyeza kurekodi, nikaendelea kuhudumia watu mlango ukiwa wazi. Huyo wa sato ni mama anayepita na beseni kila asubuhi. Mimi ndiye niliyemrekodi. Nilikuandikia kwamba ni sauti ya zamani iliyobaki kwenye kaseti, nikasingizia kaseti ili nisilaumiwe mimi, wakati ukweli naujua.

Halafu nikazibana nyimbo zote ziwe ndogo, kama ninavyozibana za wateja wanaotaka nyimbo mia tano kwenye kadi moja. Ndiyo maana yuko kwenye ndoo. Hakuna kigeuzi duniani kinachoweza kurudisha nilichotoa, na nilijua hivyo siku naandika kurasa nzima kuhusu matundu mekundu na meupe. Yale maneno ya kaseti ya nne niliyakata kwa sababu hayakuwa wimbo. Rekodi ya kwenye simu nikafuta, nafasi ilikuwa imejaa.

Ningekuwa nimeishia hapo, tungepeleka kaseti kwa Evance na mambo yangekwisha. Lakini kuna rafiki yangu wa Bukima, Tereza, anayeniletea dagaa. Wanawake wa kule hufunga mkanda wa kaseti juu ya chanja za kuanikia. Upepo wa ziwa ukipita, mkanda unavuma na kumetameta, kunguru na yangeyange hawasogei. Februari alikuja kuomba kaseti mbovu. Nilimpa zote za dukani, akasema bado hazitoshi, chanja zimeongezeka. Nikafungua kopo. Baba Mkubwa, sikukosea kopo. Niliona mwandiko wa Mama Mkubwa kwenye kila karatasi, Pasaka, Mazishi, Krismasi, kwa kalamu ya bluu. Nikajiambia hizi zimeshaingia kwenye kompyuta, sasa ni plastiki tu. Nikampa zote saba.

Mama Mkubwa ndiye aliyenipokea nikiwa darasa la tatu, sina baba, nina chawa. Alininyoa yeye mwenyewe, akanifundisha sauti ya pili.

Wiki iliyopita nilikwenda Bukima. Nilisikia ule mvumo kabla sijafika kwenye chanja. Tereza hakujua kitu, akaniambia kwa furaha: "Zile zako za mwisho ndo zinaliaga vizuri kuliko zote." Nikakaa kwenye mawe nikalia mbele ya watu wanaogeuza dagaa. Nilipomweleza alifungua mkanda wote kwa mikono yake, chanja hadi chanja. Jua limeupausha, umekatika vipande vingi, una chumvi na magamba. Umejaa mfuko mmoja wa plastiki. Nimeuliza mafundi wawili, wamesema hautacheza tena.

Kiabakari nilikuona moyoni, Baba Mkubwa, kabla hata sijafika. Nilikuwa nakuona njia nzima. Ndiyo maana sikuja.

Kopo lipo hapa kaunta. Tangu Februari naweka ndani yake kadi za wateja.

Sijui niombe msamaha wa kitu gani kwanza.

Jenipher


Butiama
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Mwanangu Jenipher,

Barua yako ilikaa mezani wiki tatu. Nilikuwa naisoma, naikunja, natoka nje kumtazama Bishopu. Siku za kwanza nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo hata darasani. Niliandika barua mbili za kukufukuza. Nimezichoma, kwa hiyo usiulize.

Nikueleze yale ya kitaalamu ya Evance. Alisema hii imerekodiwa kwa simu, sokoni, mlango wazi, kisha imebanwa. Kwa hiyo tangu Juni nilijua nusu. Nilikuandikia kwamba nimemwambia kaseti ziko salama kwa binti yangu, na nilipoandika neno salama nilikuwa nataka likuchome. Mwalimu mzima, namtega mtoto. Hiyo ni aibu yangu ndogo.

Kubwa ni hii, na hata padri sijamwambia.

Kaseti zile zilikaa juu ya kabati langu miaka kumi na tisa. Oktoba ya mwaka jana, Dorotea akiwa kitandani, aliniomba nimchezee ile ya nne. Alisema, "Nataka nisikie nilivyokuwaga." Kinasa chetu kilikuwa kimekufa. Nilimwambia nitatafuta kingine. Kwa Robi kipo, ng'ambo ya uzio, nilikijua kipo. Lakini mimi na Robi tulikuwa hatusemeshani wiki hizo kwa ajili ya mbuzi wake, nikaona siwezi kwenda kumwomba. Aliuliza tena Jumapili iliyofuata. Nikasema kesho. Baadaye hakuuliza tena. Akafa bila kusikia.

Ndipo nikaanza habari za flashi, na kompyuta, na amplifaya, na kigeuzi kisiwe takataka. Nilitaka sauti iwe safi kabisa, watu mia waisikie, ili nisikumbuke kwamba mtu mmoja aliitaka hata ikiwa mbovu, nikamnyima. Wewe ulitoa plastiki. Mimi nilimnyima mgonjwa. Nimejaribu kupima kosa lipi ni zito, na kila nikipima, lako linapanda kama upande mwepesi wa mizani.

Sasa sikiliza tutakavyofanya. Kigeuzi chako kinabaki, kinatosha. Tarehe 23 nitaicheza "Mtakatifu" hivyohivyo, kwenye ndoo, pamoja na yule mama wa sato. Wanakwaya watauliza kaseti ziko wapi. Nitasimama mimi kwanza niseme la Robi na mbuzi, na Robi atakuwa amekaa pale pale, nimemwalika. Nikimaliza utasimama wewe useme la Bukima. Sitakusemea.

Halafu utatuambia yale maneno. Usiseme huyakumbuki. Siku ile tulipokuwa tunarekodi, kwenye sauti ya pili mtoto alikuwa mmoja tu, ana miaka kumi, na ndiye aliyekuwa akisemwa.

Mkanda uje nao. Nitaufunga juu ya bustani yake ya mchicha, kunguru wa hapa hawana adabu.

Debora umbebe vizuri, asubuhi kuna baridi.

Baba yako Mkubwa,
Wenceslaus


Musoma
17 Novemba 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Debora anatembea hatua tano, ya sita anakaa. Fredi amepata samaki wa kuleta, na Tereza anakuja nasi, ameomba mwenyewe. Tutafika Ijumaa mchana nikusaidie kupanga viti.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimefunga duka. Nilitaka kukuandikia kwamba kosa lako si zito kama langu, kisha nikaona nitakuwa nakubana na wewe uwe mdogo ili ukae vizuri. Kwa hiyo nimeliacha lilivyo.

Maneno nayakumbuka yote. Alisema: "Simama, simameni. Sauti ya pili, nani anawakimbiza? Jenipher, mama, wimbo hauishagi ukiufuata taratibu. Haya, tunarudi mwanzo." Halafu akacheka kidogo, ukasikika mguu wake ukihesabu kwenye sakafu. Nimejaribu kuyasema peke yangu jikoni, sijaweza kufika mwisho bila kulia. Jumamosi nitafika.

Mkanda nimeuosha kwa maji ya mvua, nimeuanika, uko kwenye mfuko.

Na kopo nimelisafisha, kadi za watu nimezihamishia kwenye sahani. Nilifikiri kulifunga ndani ya khanga lisionekane. Sitalifunga. Nitalibeba mkononi likiwa tupu, kutoka barabarani hadi mlangoni kwako, na atakayeuliza nitamjibu.

Binti yako,
Jenipher